Mtetemo wa Mguso: Dhana, Istilahi na Matumizi katika Simu

Utangulizi

Jina la Kariakoo peke yake ni somo la istilahi. Lilitokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Mwingereza, kilichopiga kambi mahali hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza (1914-1918). Hakuna kamati iliyolisanifu. Wenyeji walilisikia, wakalitamka kwa ulimi wao, nalo likakaa. Leo katika mitaa ya kata hiyo, kama vile Aggrey na Msimbazi, simu huuzwa na kutengenezwa kwa wingi, na maneno ya simu hupimwa kila siku mbele ya mnunuzi mwenye haraka. "Kubipu" limekwisha kupita. "Tachi", kwa maana ya kioo kinachoguswa, limepita. Na simu ndogo ya vitufe imepata majina "kitochi" na "kiswaswadu" bila ya mtu kuomba idhini.

Makala haya yanachunguza dhana ambayo bado haijapata jina lililotulia, yaani ule mtekenyo mdogo ausikiao mtu kidoleni anapogusa kioo cha simu. Tutaeleza kwanza kitu chenyewe na kazi zake, kisha tutapima maneno yanayoshindania nafasi hiyo, na mwisho tutaonyesha namna ya kukirekebisha. Jambo hili laweza kuonekana dogo. Lakini mtu asiyejua jina la kitu hawezi kukitafuta katika mipangilio ya simu yake, na akilikosea jina huenda akazima kile kile anachokihitaji.

1. Kitu chenyewe

Ndani ya simu mna mota ndogo, nayo ni ya moja kati ya aina mbili. Ya kwanza ni mota izungukayo, ambayo ncha yake imefungwa kipande cha chuma kilichoelemea upande mmoja. Kwa kuwa uzito hauko sawa, mota inapozunguka huyumba, na simu nzima huyumba pamoja nayo. Simu ya StarTAC ya Motorola, iliyotoka mwaka 1996, ni miongoni mwa simu za kwanza zilizoweza kumwita mwenyewe kwa njia hii bila ya mlio. Mota hiyo ni rahisi kuiunda, lakini ni nzito wa kuanza na nzito wa kusimama. Ndiyo maana katika simu nyingi za bei ndogo mguso mmoja hujibiwa kwa mvumo wa kuburuza.

Aina ya pili haizunguki. Ina uzito uliofungwa kwenye springi, na nguvu ya sumaku na umeme huusukuma huku na huku katika mstari ulionyooka. Huanza na kusimama upesi, na aghalabu hutetema kati ya mara 150 na 250 kwa sekunde. Mwendo huo unapatana na maumbile yetu. Ndani ya ngozi mna vipokezi vya hisia vilivyopewa jina la Filippo Pacini (1812-1883), mtaalamu wa Italia wa elimu ya mwili. Vipokezi hivyo huhisi vyema zaidi mtetemo wa karibu mara 250 kwa sekunde. Kwa mota ya namna hii kidole huweza hata kudanganywa. Kitufe kilicho chini ya kioo cha iPhone 7, ya mwaka 2016, hakibonyei kamwe. Ni mota tu inayokipa kidole hisia ya kubonyeza.

2. Mota moja, kazi tatu

Mota ni moja, lakini habari inazozileta ni za namna tatu:

(a) Kuita: mtu anapopigiwa simu.
(b) Kuarifu: ujumbe au taarifa inapoingia.
(c) Kuitikia: kidole kinapogusa kioo au herufi ya kuandikia.

Mbili za kwanza hutoka kwa watu wengine kumjia mwenye simu. Ya tatu huanzishwa na mwenye simu mwenyewe, na humrudia papo hapo. Kwa mtu wa Kariakoo tofauti hii si ya vitabuni. Tuchukue mfano wa mchuuzi wa nguo katika Mtaa wa Kongo. Penye wapiga debe, vipaza sauti na honi za bodaboda, mlio wa simu haufui dafu. Simu i mfukoni, au imefundikwa katika pindo la kanga, na tegemeo lake ni mtetemo. Mnunuzi asema amekwisha kutuma fedha kwa simu, huduma ambayo imekuwapo nchini tangu mwaka 2008. Mchuuzi naye angoja ujumbe wa kuthibitisha. Ikiwa jana alichoshwa na mtekenyo wa herufi alipokuwa akiandika, akaenda akazima "mtetemo" wote kwa kuwa hakuona majina tofauti, basi leo ujumbe utaingia kimya. Ama atamzuia bure mnunuzi mwaminifu, ama atamwacha mlaghai aende zake na mzigo. Hapo lawama si ya mchuuzi peke yake, kwani jina moja limebebeshwa mizigo mitatu.

Wapo wenye haja kubwa zaidi. Kwa kiziwi, mtetemo wa kuita ndio mlio wake. Asiyeona, atumiaye programu ya kusoma kioo kwa sauti, huweza kuhisi mtetemo mfupi kila kidole chake kinapopita juu ya kitufe, akajua kwamba pana kitu. Kumshauri mtu huyo azime mtetemo ili kuokoa chaji ni kumnyang'anya fimbo mkononi.

3. Kupima maneno

Maneno kadhaa hutumika au yaweza kupendekezwa. Tuyapime moja moja.

Mtikisiko. Mzizi wake ni -tikisa, tendo lenye mtendaji na mtendwa: upepo hutikisa mti, mtu hutikisa kichwa. Mtikisiko aghalabu ni mkubwa, na siku hizi umezoeleka kwa mambo mazito kama mtikisiko wa uchumi. Haufai kwa tendo dogo la kidoleni.

Mtetemeko. Neno hili liko karibu mno na tetemeko la ardhi. Afadhali tuliache huko.

Mrindimo. Hili ni la ngoma na radi. Husikika zaidi masikioni kuliko mwilini.

Vaibresheni. Hutamkwa sana madukani, na hatuna sababu ya kulidharau kwa kuwa ni la kigeni. "Kompyuta" nalo ni la kigeni, na hapa Tanzania limeshinda "ngamizi" na "tarakilishi". Kasoro ya vaibresheni ni kwamba ni tasa: halizai kitenzi kwa urahisi, wala jina la chombo.

Mtetemo. Mtu hutetema kwa baridi au kwa homa. Tendo lenyewe ni dogo, la haraka, la kurudiarudia, na hutoka ndani ya kitu kinachotetema. Sifa zote nne ndizo za mota ya simu. Tena neno hili limekwisha kuzoeleka katika elimu ya sauti, na lina uzazi: hutetema, hutetemesha, kitetemeshi. Kwa hiyo mtetemo ndio msingi unaofaa.

Limebaki swali la lile jibu la kidole. Wengine husema "mrejesho". Lakini mrejesho umekwisha kuajiriwa kwa kazi nyingine: ni habari anayorudishiwa mtu baada ya kazi, kama mwalimu ampavyo mwanafunzi, nayo huja baadaye na kwa maneno. Karibu zaidi ni "mwitikio". Mtoto akiitwa huitika "labeka" au "naam" papo hapo. Waimbaji nao humwitikia kiongozi wao bila ya kukawia. Kidole huita, simu huitika.

Hata hivyo pana pingamizi. Fundi akiambiwa "mwitikio wa mguso ni mbovu", atafahamu kwamba tachi haishiki, yaani kioo hakipokei amri ya kidole. Isitoshe, simu huweza kuitikia mguso kwa mlio au kwa mwanga, si kwa kutetema tu. Kwa hiyo "mwitikio wa mguso" ni jina la jamii nzima, na mtetemo ni aina moja ndani yake. Aina hiyo tuiite "mtetemo wa mguso", sambamba na "mtetemo wa wito" na "mtetemo wa arifa". Majina matatu yenye kichwa kimoja humwonyesha msomaji undugu wao na tofauti yao kwa pamoja.

4. Namna ya kurekebisha

Hatua zifuatazo zahusu simu nyingi za Android, ingawa mpangilio hutofautiana kidogo kwa kila mtengenezaji.

(i) Fungua Mipangilio, uingie sehemu ya sauti na mtetemo. Katika simu nyingi pana swichi kuu. Ukiizima hiyo, mitetemo yote mitatu hufa pamoja. Usianzie hapo.

(ii) Tafuta mtetemo wa wito, wa arifa na wa mguso, kila mmoja kwa nafasi yake. Simu nyingine huruhusu kuongeza au kupunguza nguvu; nyingine huruhusu kuwasha na kuzima tu.

(iii) Ukikerwa na mtekenyo wa kuandika, ingia katika mipangilio ya kibodi yenyewe, kwani mara nyingi kibodi ina swichi yake. Kwa iPhone, swichi hiyo iliongezwa mwaka 2022 katika toleo la iOS 16.

(iv) Mtetemo wa mguso ukipotea ghafla, tazama kwanza kama simu imo katika hali ya kuokoa chaji, ambayo huweza kuuzima.

(v) Ikiwa swichi zote zimewashwa na simu haitetemi hata inapoita, basi kitetemeshi chaweza kuwa kimeharibika. Hapo ndipo pa kumwendea fundi.

5. Mapendekezo

Kutokana na hoja zilizotangulia, tunapendekeza:

Mtetemo: mwendo mdogo, wa haraka na wa kurudiarudia wa simu.
Kitetemeshi: mota inayouleta mtetemo.
Mtetemo wa wito: mtetemo wa kupigiwa simu.
Mtetemo wa arifa: mtetemo wa ujumbe au taarifa.
Mwitikio wa mguso: jibu lolote la simu kwa kidole, kwa mlio, mwanga au mtetemo.
Mtetemo wa mguso: mwitikio wa mguso uletwao na kitetemeshi.

Wasomaji wanaombwa kuyajaribu maneno haya kabla ya kuyakubali. Aingie mtu duka lolote la Kariakoo, amwambie muuzaji: "Nipunguzie mtetemo wa mguso, lakini wa arifa uuache." Ikiwa muuzaji atafanya hivyo bila ya kuuliza mara ya pili, istilahi imefaa. Akiuliza, na atuletee swali lake, maana huenda ndani yake mna neno bora kuliko haya yetu.