Silsila ya Hoja Katika Vyumba Themanini na Kimoja

Katika kata ya Sekei mjini Arusha, chini ya Mlima Meru na karibu na barabara iendayo Moshi, ambako wageni wengi hulala kabla ya kuelekea mlimani au mbugani, si ajabu kukuta kijitabu cha sudoku kimeachwa juu ya meza ya hosteli, kurasa zake za mwanzo zimejazwa kwa wino pasipo kufutwa, za kati kwa kalamu ya risasi, na za mwisho, zile zenye mafumbo yaitwayo magumu, zikiwa nyeupe ila kwa tarakimu mbili tatu zilizoandikwa kisha zikakatwa kwa hasira. Aliyekiacha hakupungukiwa na akili. Alikuwa hajajua tu kwamba fumbo gumu halifunguki kwa kukikodolea macho chumba kimoja kimoja, bali kwa kuifuata hoja kutoka chumba hadi chumba mpaka irudi na hukumu.

Masharti ya mchezo wenyewe ni machache. Mraba una vyumba 81, vimepangwa katika safu 9, nguzo 9 na miraba midogo 9 ya vyumba tisa tisa, na kila tarakimu tangu 1 hata 9 sharti ikae mara moja tu katika kila safu, kila nguzo na kila mraba mdogo. Hisabu haina kazi hapa. Picha za wanyama tisa zingefaa vilevile. Mwaka 2005 Bertram Felgenhauer na Frazer Jarvis walipata idadi ya namna zote za kuujaza mraba huo, ikawa 6,670,903,752,021,072,936,960, na mwaka 2012 Gary McGuire na wenzake wa Dublin wakaonyesha kwa msaada wa kompyuta kwamba fumbo lenye jibu moja tu haliwezi kutolewa kwa tarakimu chache kuliko 17.

Anayedhaniwa kulitunga fumbo hili ni Howard Garns, msanifu wa majengo wa Indiana, Marekani, na lilichapishwa mwaka 1979 bila jina lake. Wajapani wakalipenda na kulipa jina linalojulikana leo. Lakini aliyelitawanya ulimwenguni alikuwa hakimu. Wayne Gould, mzaliwa wa New Zealand aliyestaafu uhakimu Hong Kong, aliliona katika duka la vitabu mjini Tokyo mwaka 1997, akatumia miaka kadhaa kuandika programu ya kuyatunga mafumbo hayo, na mwezi wa Novemba 2004 gazeti la The Times la London likaanza kuyachapa. Mji wa Arusha, uliokuwa makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda hata mwisho wa mwaka 2015, na ambao hata sasa una Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pamoja na ile ya Afrika Mashariki, haukosi watu watakaofahamu kwa nini mchezo huu ulimvuta mtu wa kazi hiyo.

Wala watu wa pwani hawakuwa wageni wa tarakimu zilizofungwa katika miraba. Jadwali ya vyumba tisa, ambayo kila safu, kila nguzo na kila mshazari wake hutoa 15, imeandikwa katika hirizi kwa vizazi vingi, na kitabu cha Shams al-Maarif kinachonasibishwa kwa al-Buni kimejaa mifano ya namna hiyo. Tofauti ni kwamba jadwali ile hutakiwa kuficha siri, ilhali sudoku haifichi kitu, ila uvivu wa mchezaji.

Basi tuitazame silsila ya hoja yenyewe. Chukua tarakimu 4. Tuseme katika safu ya 2 pamebaki mahali pawili tu inapoweza kukaa, nguzo ya 3 na nguzo ya 8. Na katika safu ya 7 pawili vilevile, nguzo ya 3 na nguzo ya 9. Ikiwa 4 ya safu ya 2 haimo katika nguzo ya 8, imo katika nguzo ya 3. Na ikiwa imo humo, ile ya safu ya 7 haiwezi kuingia nguzo hiyo hiyo, kwa hiyo imekwenda nguzo ya 9. Hatujui bado ipi ni ipi, wala hatuna haja ya kujua. Lililo yakini ni kwamba moja kati ya ncha mbili za silsila hii, yaani nguzo ya 8 ya safu ya 2 na nguzo ya 9 ya safu ya 7, kama si zote, ina 4, na kila chumba kinachoonana na ncha zote mbili, yaani kilicho katika safu, nguzo au mraba mdogo mmoja na kila ncha, hakina haki nayo tena: safu ya 1 na ya 3 katika nguzo ya 9, safu ya 8 na ya 9 katika nguzo ya 8. Vyumba vinne vimenyang'anywa mgombea, yaani tarakimu iliyodhaniwa kuweza kukaa humo, na hatujabahatisha hata mara moja.

Siri ya uganga huu imo katika aina mbili za viungo. Kiungo cha nguvu husema, kama si huyu basi ni yule. Kiungo hafifu husema, kama ni huyu basi si yule. Silsila ianzayo kwa kiungo cha nguvu, ikapokezana nguvu na uhafifu, ikaisha kwa kiungo cha nguvu, hata ikipita robo tatu ya mraba, daima huthibitisha kwamba angalau ncha yake moja ni kweli. Wanaoshindwa aghalabu huchanganya viungo hivi, wakadhani kwamba nambari mbili zisizoweza kukaa pamoja lazima mojawapo iwepo.

Tarakimu nazo zaweza kubadilika njiani. Chumba cha kwanza cha safu ya 1 kina wagombea 2 na 5. Cha nguzo ya 7 katika safu hiyo kina 2 na 8. Na kile cha safu ya 3, nguzo ya 2, kina 5 na 8. Cha kwanza kikiwa 2, cha nguzo ya 7 kitakuwa 8. Kikiwa 5, kile cha safu ya 3 kitakuwa 8. Kwa vyovyote, 8 haina makao katika nguzo ya 2 na ya 3 za safu ya 1, wala katika nguzo tatu za mwisho za safu ya 3.

Wako wachezaji wanaoshikilia kwamba kumdhania mgombea kuwa kweli, kisha kufuata matokeo mpaka yagongane, ni kubahatisha kulikovikwa joho. Sikubaliani nao kabisa, maana kinachokanushwa kwa ushahidi kimekanushwa. Walakini nakiri kwamba silsila inayohitaji karatasi ya pili, kama zile za mafumbo ya mtunzi Arto Inkala wa Ufini, haina ladha kwangu.

Anayeanza na aandike kwanza wagombea wote kwa tarakimu ndogo, kisha avitie alama vyumba vyenye wagombea wawili tu na tarakimu zilizobakiwa na mahali pawili katika safu, nguzo au mraba mdogo, kwani humo ndimo viungo vya nguvu hupatikana. Nusu saa yaweza kupita bila tarakimu mpya kuandikwa, akafutwa mgombea mmoja tu, chumba kikabaki na mwenyewe, na sehemu iliyosalia ya mraba ikajazwa kwa dakika tatu.