Gari la Rota Lataka Mwenye Kulijua

Miongoni mwa motokaa zilizokwisha tumika ziletwazo kwa meli kutoka Japani, imo moja inayowavutia vijana wetu wa visiwani kuliko nyingi nyenginezo, nayo ni Mazda RX-8. Umbo lake ni la gari la mashindano, milango yake ya nyuma hufunguka kinyume na ya mbele, usukani wake uko kulia kama barabara zetu zinavyotaka, na bei yake, ikilinganishwa na sura yake, huonekana kama sadaka. Juu ya bei hiyo tunataka kusema neno leo. Wazee wetu walikwisha tuonya kuwa rahisi huvunja upishi, na kijana anayetoa akiba yake ya miaka, pengine pamoja na fedha ya karafuu ya mzee wake, anastahiki kuambiwa anunuacho kabla hajakilipia.

Kwanza tulitazame gari lenyewe kwa insafu. RX-8 ilitengenezwa na kampuni ya Mazda ya Hiroshima baina ya mwaka 2003 na 2012. Injini yake haina pistoni za kupanda na kushuka. Mahali pake zimo rota mbili za pembe tatu, zinazozunguka ndani ya nyumba ya chuma. Mwenye fikra hiyo alikuwa Mjerumani Felix Wankel, na injini ya kwanza ya namna hii iliwaka katika kampuni ya NSU mwaka 1957. Wajapani walipoichukua mwaka 1961 waliikuta na ila kubwa: sili zilizo kwenye ncha za rota zilikuwa zikikwaruza kuta za ndani, na mikwaruzo hiyo wakaiita kucha za shetani. Mhandisi Kenichi Yamamoto aliliongoza kundi la wahandisi 47 katika kuitafutia dawa ila hiyo, na mwaka 1967 gari lao la kwanza la rota mbili, Cosmo Sport, likauzwa. Mwaka 1991 gari la Mazda lenye rota nne lilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, huko Ufaransa.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Injini ya ujazo wa lita 1.3 tu, iliyotoa hadi nguvu za farasi 250 katika aina iliyouzwa Japani, haikupatikana ila kwa ilimu na subira. Basi hatuoni kuwa ni haki kuiita injini mbovu, kama isemwavyo na wengi barazani. Tunachosema ni kwamba ilimu ile ile iliyotumika kuiunda inatakiwa, japo kwa kiasi chake, katika kuimiliki. Gari huvuka bahari, lakini maarifa yake mara nyingi hubakia kule lilikotoka.

Jambo la kwanza ni oili. Injini hii imeundwa ili ile oili. Kila inapozunguka hupeleka kiasi kidogo ndani ya chumba cha moto ili kuzilainisha sili, na oili hiyo huungua pamoja na petroli. Mwenye kuzoea gari la kawaida, akaacha kupima mpaka siku ya kubadilisha, ataikausha injini bila ya kujua. Kila mara ya pili unapojaza petroli, chomoa kijiti cha oili ukitazame. Tena usione ajabu petroli nayo ikienda mbio. Mwenye kuhesabu matumizi ya nyumba yake na aingize gharama hizo mbili tangu mwanzo.

Jambo la pili ndilo linalotugusa sisi watu wa visiwani zaidi. Safari zetu ni fupi. Mtu huwasha gari kwenda msikitini, sokoni au skuli kumchukua mtoto, na mara nyingine huliwasha ili alisogeze kivulini tu, kisha hulizima. Kwa gari la pistoni hiyo si hatari kubwa, lakini kwa gari la rota ni balaa. Injini ikizimwa ingali baridi, petroli hubakia ndani, hulowesha plagi na kuosha oili iliyokuwa ikiziba pengo la sili. Asubuhi stata huzunguka mpaka betri ikachoka, na injini haiitiki. Hapo ndipo fundi asiyelijua gari husema, "Injini imekufa," na mwenye gari huanza kutafuta injini nyengine, ilhali iliyomo ni nzima kabisa. Tunajua hasara ya neno hilo moja: ni fedha ya kujengea chumba, au ya mahari, kutupwa gerejini kwa ujinga tu.

Dawa yake ni nyepesi. Hakikisha betri imejaa, kandamiza pedeli ya mafuta mpaka chini, kisha zungusha stata kwa sekunde chache. Pedeli ikiwa chini kabisa, mtambo hukata petroli, na hewa hukausha ndani. Ikishindikana, plagi zote nne zitolewe zikaushwe au zibadilishwe. Na kinga ni nyepesi zaidi: ukiliwasha gari, liache lipate joto lake kabla ya kulizima.

Jambo la tatu ni koili za umeme, nazo pia ni nne. Zikidhoofu, petroli isiyoungua huingia katika eksozi na kuwakia ndani ya kichujio cha moshi. Kichujio huziba, joto hurudi nyuma, na sili ndizo zinazolipa. Hivyo injini nyingi huuawa na kifaa cha thamani ndogo kilichopuuzwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Rejeta nayo itunzwe sana katika hewa yetu ya chumvi, wala mshale wa joto usiaminiwe peke yake, kwani huweza kutulia katikati hali joto limeanza kuzidi.

Sasa tuje kwenye ununuzi, ambako ndiko hadaa iliko. Muuzaji huliwasha gari asubuhi mbele ya mteja, nalo likaitika mara moja, na mteja akafurahi. Lakini injini ya rota iliyochoka mara nyingi huwaka vizuri ikiwa baridi, na hukataa ikiwa ya moto. Basi mnunuzi aliendeshe gari kwa muda wa nusu saa, alizime, angoje dakika chache, kisha aliwashe tena. Likisitasita, asitoe fedha yake. Kipimo cha yakini ni cha mgandamizo, kinachopimwa kwa kila uso wa rota, nyuso tatu kwa kila moja, kwa kifaa maalumu. Kile cha pistoni hakifai kwa kazi hii. Watengenezaji waliweka kiwango cha chini kuwa kilo 6.9 kwa kila sentimita ya mraba, stata ikizungusha injini mizunguko 250 kwa dakika. Chini ya hapo, mnunuzi ajue kwamba ananunua bodi.

Hapa tunawageukia ndugu zetu watendaji wa serikali. Ukaguzi wa kutazama breki, taa na matairi ni wa lazima, nao huokoa maisha. Lakini haufungui kifua cha injini. Tunaona inafaa kila muuzaji wa gari la rota atakiwe kumwonesha mnunuzi karatasi ya kipimo hicho, kama vile muuza nyumba anavyotakiwa kuonesha hati. Aidha, skuli zetu za ufundi zipatiwe kifaa cha kupimia, na vijana wafundishwe injini hii kwa kuifungua na kuifunga kwa mikono yao. Gharama ya kifaa kimoja ni ndogo mbele ya hasara ya injini nzima zinazotupwa kila zinapodhaniwa zimekufa.

Na kwa vijana tunasema hivi. Gari hili hupenda injini yake izungushwe kwa nguvu mara kwa mara, ili masizi yatoke. Lakini hilo hufanywa injini ikishapata joto, katika gia ndogo, kwa mwendo wa halali na katika barabara iliyo wazi. Asitokee mtu akaifanya tabia ya injini kuwa hoja ya kushindana mbele ya skuli na masoko. Mwenye uwezo na alinunue gari alipendalo, hatuna kinyongo naye. Ila kabla ya kuhesabu fedha, ajiulize kwanza ni nani atakayemtengenezea, kwa kifaa gani, na spea atazipata wapi. Asiyekuwa na jawabu la masuala hayo matatu, subira kwake ni akiba.