Majuto ya Aliyeuza Hisa

Mwaka 2016 Benki ya MUCOBA ya Mafinga, mkoani Iringa, iliorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, kwenye dirisha la kampuni ndogo. Hisa za namna hiyo, ndugu wasomaji, wanunuzi wake ni wachache. Bei ikipanda leo, huenda ni watu wawili tu waliouziana hisa chache. Aliyeuza jana anaumia moyo bure. Angezileta zote leo, huenda asingepata wa kuzinunua kwa bei hiyo. Kibaya zaidi ni kuzirudia kwa hasira, tena kwa bei ya juu. Mwenye shaka na auze nusu, na amtajie dalali bei ya chini kabisa anayoikubali. Ada ya shule ya Januari isiwekwe huko: gunia la viazi utaliuza Mbeya jioni hiyo hiyo, hisa hizi zaweza kungoja wiki kadhaa.