BUSTANI YA GUNIA WAKATI WA KIANGAZI



Kuanzia mwezi wa 6 hadi wa 8 mvua hukatika Bujumbura na usiku hupoa. Kwenye kambi za milimani, kule Ngozi na Muyinga, baridi huzidi. Wengi huacha kulima wakingoja mvua ya mwezi wa 9. Lakini unga na maharagwe peke yake havitoshi. Mtoto anayekosa mboga kwa muda mrefu anaweza kupungukiwa damu na vitamini A, hata asione vizuri jioni.

Kiangazi kina faida: magonjwa ya majani yanayoletwa na mvua hupungua. Shida ni maji, na gunia linasaidia kuyatunza.

Namna ya kutengeneza
1. Changanya karai 2 za udongo na 1 ya samadi iliyooza. Usitumie kinyesi cha binadamu.
2. Simamisha mkebe usio na matako katikati ya gunia, ujaze mawe madogo. Jaza udongo pembeni, kisha vuta mkebe juu na kuujaza tena, mpaka gunia lijae. Maji yatapita kwenye mawe na kufika chini.
3. Toboa matundu ubavuni, panda miche. Funika juu kwa majani makavu.

Upande nini?
Lengalenga hupenda joto: Bujumbura huchumwa baada ya wiki 3 au 4, milimani hukawia. Kwenye baridi panda kabichi, seleri na vitunguu vya majani.

Maji
Mwagilia asubuhi na jioni. Maji uliyooshea mboga au mchele yanafaa. Ya chumvi hayafai. Yasituame karibu na nyumba, mbu watazaliana.

Jikoni
Osha mboga kwa maji safi, kwa sababu kipindupindu hupita kwenye chakula na maji machafu. Usizipike muda mrefu. Tia mawese kidogo ili mwili upate vitamini A, na kamulia limau ili upate madini ya chuma yanayoongeza damu.

KUMBUKA: mtoto akijikwaa giza linapoingia, au viganja vyake vikiwa vyeupe, usingoje mboga zikue. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.