Watoto tisa wa Musoma

Mwaka 1956 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha matokeo ya vipimo vya damu kutoka eneo la Musoma, Tanganyika. Kati ya watoto wadogo 287, watoto 9 walikuwa na himoglobini S kutoka kwa baba na mama, yaani walikuwa wagonjwa wa selimundu. Kati ya watu wazima 654, wenye hali hiyo walikuwa 5 tu. Asilimia 3 imeshuka hadi chini ya 1, na tafsiri yake ni nzito: wengi walifariki kabla ya kukua. Waliorithi S kwa mzazi mmoja walikuwa asilimia 31 ya watoto, lakini 38 ya wakubwa, kwa kuwa hali hiyo hukinga dhidi ya malaria kali. Vitabu vya jenetiki vinazifundisha takwimu hizo hadi leo.

Linus Pauling na wenzake walikwisha kuonyesha mwaka 1949 kwamba himoglobini S na ile ya kawaida, A, hutofautiana kwa chaji, na kwamba umeme unaweza kuzitenganisha. Zama hizo damu iliwekwa kwenye karatasi ya kuchujia, umeme ukapitishwa, na mpimaji akasubiri saa nyingi. Kuongeza umeme hakukusaidia, maana joto lilivuruga mistari.

Kapilari iliondoa kikwazo hicho. Mwaka 1981 James Jorgenson na Krynn Lukacs walitumia mrija wa kioo wenye tundu la mikromita 75, chini ya sehemu ya kumi ya milimita. Kwenye tundu dogo hivyo joto hutoka upesi kupitia ukutani, kwa hiyo unaweza kuweka volti maelfu na kupata jibu kwa dakika chache.

Uzuri wenyewe uko ndani ya mrija. Ukuta wa kioo una chaji hasi, na umeme ukiwashwa, kimiminika chote huvutwa kuelekea upande hasi. Himoglobini nazo, kwenye kimiminika chenye alkali, zina chaji hasi, hivyo hujaribu kurudi nyuma, kama mitumbwi inayopigwa kasia dhidi ya mkondo. A hupiga kasia kwa nguvu zaidi, basi huchelewa. S, yenye chaji hasi pungufu, hupita kwanza mbele ya taa ya kipimo, ikifuatwa na F, himoglobini ya utotoni, kisha A. Kila moja huacha kilele chake kwenye grafu.

Kwa mtoto mchanga F ndiyo nyingi, na S huwa kidogo mno. Kipimo cha haraka cha sikling, yaani cha seli kujikunja kama mundu, hakifai hapo, na hata kwa mkubwa hakimtofautishi mgonjwa na aliyebeba S ya mzazi mmoja tu. Grafu hutofautisha: F na S bila A ni ishara ya ugonjwa, nayo huthibitishwa kwa kipimo cha pili; F, A na S ni ishara ya mbebaji.

Utafiti wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, uliopima damu kavu ya watoto zaidi ya 17,000 wa mikoa tisa ya kaskazini magharibi, ulikuta karibu mmoja kati ya watano amebeba S. Ndiyo maana naisisitiza kadi ya damu kavu. Kisorya, penye kivuko cha kwenda Ukerewe, haihitaji mashine ya kapilari kijijini. Tone la kisigino likikaushwa kwenye kadi husafiri bila barafu hadi maabara, na mtoto akionekana mgonjwa anaweza kuanza penisilini ya kinga kabla ya homa yake ya kwanza.