Je, Wajua? Vidole vya Plastiki Vilivyoipa Hevi Metali Sauti Yake

Julai 5, 2025, watu zaidi ya 40,000 walijaa uwanja wa Villa Park mjini Birmingham, Uingereza, kuwaona Black Sabbath, bendi ya hevi metali, kwa mara ya mwisho. Metallica, Slayer, Pantera na Guns N' Roses walitangulia jukwaani siku hiyo, wote wakija kuwaaga wakubwa wao. Ozzy Osbourne, mwimbaji wao aliyekulia Aston, mtaa ulipo uwanja huo, aliimba akiwa ameketi kwenye kiti cheusi cha enzi, kwa kuwa maradhi ya Parkinson yalikuwa yamemmalizia nguvu za kusimama. Siku 17 baadaye alifariki. Aliyekuwapo uwanjani alishuhudia jambo ambalo hakuna kanda itakayolirudia.

Je, wajua kwamba sauti nzito ya hevi metali ilianzia kwenye ajali ya kiwandani? Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, alikuwa na umri wa miaka 17 akifanya kazi katika kiwanda cha mabati hapo Birmingham. Siku aliyokusudia iwe ya mwisho kazini, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete. Iommi hupiga kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo wa kulia ndio unaobana nyuzi. Madaktari walimwambia asahau gitaa. Msimamizi wake kiwandani akamletea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa aliyeungua mkono kwenye moto na kubaki akicheza kwa vidole viwili tu, na bado dunia nzima ikamsikiliza.

Iommi akachukua chupa ya plastiki ya sabuni ya kuoshea vyombo, akaiyeyusha, akaifinyanga na kuitoboa mpaka ikawa kastabini za kuvaa kwenye vidole. Juu yake akagandisha vipande vya ngozi vya koti kuukuu ili zisiteleze kwenye nyuzi. Nyuzi za kawaida zilimuumiza, akatafuta nyembamba, hata za banjo. Baadaye akazilegeza, na kufikia albamu ya tatu, ya mwaka 1971, gitaa katika baadhi ya nyimbo lilikuwa limeshushwa kwa nusu toni tatu. Uzi uliolegea hutoa sauti ya chini, nene, inayounguruma. Wapiga gitaa wa hevi metali duniani kote wanashusha nyuzi zao hadi leo, na wengi wao wana vidole vyote kumi. Kwangu mimi, hiki ndicho kisa kikubwa kuliko vyote katika historia ya muziki huu, na ndiyo sababu ukipata nafasi ya kusimama karibu na jukwaa, tazama mikono ya mpiga gitaa kabla ya kutazama moshi na taa.

Unguja nayo imo katika historia hii. Farrokh Bulsara, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar mwaka 1946. Mwaka 1974 bendi yake, Queen, ilitoa wimbo wa kasi na ghadhabu uitwao Stone Cold Crazy. Metallica waliurekodi upya, ukawapa tuzo ya Grammy ya muziki wa metali mwaka 1991. Freddie alipofariki mwishoni mwa mwaka huo, tamasha la kumkumbuka lilifanyika Wembley, London, Aprili 20, 1992. James Hetfield wa Metallica aliuimba wimbo huo pamoja na wanachama watatu wa Queen waliobaki, na pembeni yao akapiga gitaa Tony Iommi, na kastabini zake vidoleni.

Na ile ishara ya mkono ya mashabiki wa metali, kidole cha shahada na cha mwisho vikiwa juu? Wengi huidhania ya kishetani. Aliyeieneza ni Ronnie James Dio, aliyeshika nafasi ya Ozzy katika Black Sabbath mwaka 1979. Alisema aliiona kwa bibi yake Mtaliano, aliyeitumia kufukuza kijicho. Mzazi wa Pwani anayemfunga mtoto hirizi angemwelewa bibi huyo bila kuelezwa.

Kwenye tamasha la metali, mbele ya jukwaa hufunguka uwanja mdogo ambamo mashabiki husukumana na kugongana. Ukiutazama kwa mbali utadhani ni ugomvi. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichunguza video za matamasha na kuchapisha walichokiona katika jarida la fizikia: watu wale huenda huku na huko kama chembe za gesi. Walitumaini maarifa hayo yatasaidia kuelewa umati unaokimbia hatari. Ila fizikia haisemi kwamba mtu akianguka humo, mikono ya waliomgonga ndiyo inayomwinua, maana hiyo ni kanuni ya kwanza ya mashabiki. Chembe za gesi haziinuani.

Fizikia imo pia katika sauti yenyewe, ambayo husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Aliye mita 170 kutoka jukwaani angemwona mpiga ngoma akishusha fimbo, kisha asubiri nusu sekunde kusikia mpigo. Ndiyo maana katika viwanja vikubwa huwekwa minara ya spika katikati ya umati, na sauti yake hucheleweshwa makusudi ilingane na ile inayotoka mbele. Na tafadhali, vaa vizibo vya masikio. Wataalamu wa usalama kazini nchini Marekani wanapendekeza mtu asikae kwenye kelele ya desibeli 100 kwa zaidi ya dakika 15, na tamasha la metali huchukua saa kadhaa. Vizibo vizuri havikunyimi muziki.

Metallica waliwahi kupiga bila spika kabisa. Desemba 8, 2013, walicheza ndani ya hema la umbo la kuba huko Antaktika, kwenye kituo cha utafiti cha Carlini cha Argentina. Ili kuyalinda mazingira yale, wasikilizaji wapatao 120 walivaa vipokea sauti vya masikioni. Kwa onyesho hilo, bendi ilikuwa imecheza katika mabara yote saba ndani ya mwaka mmoja.

Sisi hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Nairobi imetoa bendi zake, Last Year's Tragedy ikiwa mojawapo, na albamu kali ya Duma, kundi la watu wawili wa Nairobi hiyohiyo, ilitolewa mwaka 2020 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Bendi za Nairobi hupiga kwa nguvu zilezile, kwenye kumbi ndogo ambamo hakuna kiti kilicho mbali na jukwaa.