Laptopu Yenye Mlango wa CD: Ulipie Zaidi au Uachane Nayo?

Ingia duka lolote la laptopu za Ex-UK, iwe Moi Avenue hapa Nairobi au mjini Nakuru, Eldoret ama Mombasa, na kuna uwezekano utawekewa mashine mbili kwenye kaunta. Moja ni nyembamba na nyepesi, haina kitu ubavuni isipokuwa matundu madogo ya USB. Ya pili ni nene kiasi, na muuzaji atabonyeza kitufe, kisahani kichomoke, kisha akuangalie usoni. "Hii iko na DVD, bosi. Siku hizi hazipatikani."

Ni kweli hazipatikani. Swali ni kama hiyo ni sababu ya wewe kuongeza pesa.

Laptopu ni mojawapo ya vitu vikubwa ambavyo mtu hulipia kwa simu kwa mpigo mmoja, kwa hivyo tuseme mapema. Kama unanunua laptopu leo, mlango wa CD haufai kukupandishia bei hata kwa shilingi mia. Lakini kama kwenu kuna mfuko wa diski nyuma ya runinga, DVD ya harusi ya wazazi, ya mazishi ya babu, ya siku ulipohitimu, hizo diski zinahitaji kushughulikiwa, na haraka. Hayo ni mambo mawili tofauti. Muuzaji mjanja atayachanganya ili kukuuzia mashine ambayo hakuna mwingine anayeitaka.

Mlango huo uliwekwa kwa nini?

CD iliingia sokoni mwaka 1982, kazi ya Sony na Philips, na mwanzoni ilikuwa ya muziki tu. Ilipogeuzwa kubeba data, diski moja ya sentimita 12 iliweza kushika megabaiti 650 hadi 700. Leo hiyo ni nafasi ndogo tu, lakini kwa kompyuta za miaka ya tisini ilikuwa ghala. DVD ilipokuja 1996 ikapandisha hadi gigabaiti 4.7.

Kwa sisi Wakenya, sababu kubwa ilikuwa intaneti. Hadi katikati ya 2009 tulitegemea setilaiti, na kupakua programu ya megabaiti mia tatu ilikuwa safari. Kila kitu kilikuja kwa CD: Windows, programu ya kuzuia virusi, programu ya printa, kamusi elezo ya Encarta ambayo wanafunzi waliigombania kwenye maktaba ya shule. Burudani nayo ilikuwa hapo hapo. River Road iligeuka kuwa Riverwood kwa sababu ya filamu zilizorekodiwa kwa bajeti ndogo na kuuzwa kwa diski mkononi, na DJ Afro akaingia nyumba nyingi akiwa kwenye DVD yenye maandishi ya kalamu. Laptopu isiyo na mlango wa CD wakati huo ilikuwa kama redio isiyo na spika.

Halafu mambo mawili yakatokea karibu kwa pamoja. Januari 2008 Steve Jobs alitoa MacBook Air ndani ya bahasha ya ofisini mbele ya watu, laptopu ambayo haikuwa na mlango wa CD kabisa. Watu walilalamika. Na Julai 2009 kebo ya SEACOM ilianza kazi Mombasa, intaneti ya Kenya ikaacha kutegemea setilaiti. Kampuni nyingine za laptopu zilifuata njia ya Apple polepole, na sababu ukiitazama ni ya kawaida sana: nafasi. Draivu ya CD ya laptopu huwa na unene wa milimita 12.7, au 9.5 kwa zile nyembamba. Laptopu haiwezi kuwa nyembamba kuliko kitu kilicho ndani yake. Ukiondoa hiyo draivu unapata nafasi ya betri kubwa, uzito unashuka, na unaondokana na kifaa chenye mota na jicho la lenzi ambalo vumbi la huku kwetu hulimaliza mapema.

Mlango huo unakuambia umri wa mashine

Hapa ndipo pesa yako iko, kwa hivyo tukae kidogo.

Chukua mashine ambazo zimejaa kwenye maduka yetu. HP EliteBook 8470p ina mlango wa DVD. Iliyoifuata, EliteBook 840 G1, haina, na hakuna 840 yoyote baada ya hapo iliyowahi kuwa nao. Upande wa Lenovo ni hivyo hivyo: ThinkPad T430 inao, T440 haina. 8470p na T430 zote ni za kizazi cha tatu cha Intel, mwaka 2012. Kwa hivyo kwenye laptopu za ofisi za aina hii, kisahani kikichomoka ubavuni, unaangalia kitu chenye umri wa zaidi ya miaka kumi, hata kama kimepigwa polishi kikang'aa.

Umri una shida gani? Shida ni Windows. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo, kwa masharti ya Microsoft yenyewe, inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi, isipokuwa chache tu. Fundi anaweza kuilazimisha iingie kwenye mashine ya 2012, wapo wanaofanya hivyo kila siku, lakini Microsoft haiahidi kwamba masasisho yataendelea kukufikia. Na kama hiyo ndiyo laptopu utakayotumia kufungua akaunti yako ya benki, iTax na rekodi za malipo ya wateja wako, mashine isiyopata masasisho ya usalama ni mlango mwingine uliouacha wazi.

Kwa hivyo muuzaji akikuambia "iko na DVD", muulize swali moja tu: "Ni kizazi cha ngapi?" Kwenye EliteBook, 840 G5 ndiyo inayoanza na kizazi cha nane. Ukipewa jibu la kuzungukazunguka, fungua mwenyewe: bonyeza kulia kwenye alama ya Windows, chagua System, usome jina la prosesa. Ikiandikwa i5-8350U, hiyo 8 ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi. Ikiandikwa i5-3320M, ni cha tatu, hata muuzaji aapie nini.

Kuna kitu kingine ambacho hawasemi. Hata ukiwa na mlango, Windows tangu toleo la 8 haiji na uwezo wa kucheza DVD za filamu. Lazima uweke programu kama VLC, ambayo ni ya bure. Watu kadhaa wamewahi kurudisha laptopu nzima dukani wakidhani draivu imekufa.

Bado wapo wanaoihitaji

Tusijifanye diski zimeisha Kenya. Ukipigwa picha za CT au MRI, hospitali nyingi bado zinakupa CD ya kumpelekea daktari, na daktari huyo anaweza kuwa kaunti nyingine, na laptopu nyembamba mezani. Mawakili bado wanapokea ushahidi wa video kwenye CD. Wapiga video za harusi wana wateja, hasa wazee, ambao hawatahesabu kazi kuwa imekamilika hadi wakabidhiwe diski yenye picha ya maharusi juu. Na magari mengi yaliyotoka Japani yana redio ya CD isiyojua USB ni nini.

Kwa hawa wote jibu ni draivu ya nje, ile ya kuchomeka kwa USB. Kwa kawaida inapatikana kwa elfu mbili hadi nne hivi, inasoma CD na DVD, na nyingi pia zinachoma. Faida yake kubwa ni kwamba haifi na laptopu. Unaihamisha kutoka mashine moja hadi nyingine, na ofisi nzima, au hata chama, inaweza kununua moja na kuizungusha. Ukiangalia ni mara ngapi mtu wa kawaida hutumia CD kwa mwaka, kununua yako pekee ni kama kununua sufuria ya harusi kwa ajili ya chai ya asubuhi.

Kabla hujalipa, angalia waya. Ikiwa laptopu yako ina matundu ya USB-C peke yake, utahitaji adapta. Na ikiwa draivu inaanza kuzunguka halafu inazima au inagonga gonga, mara nyingi si mbovu, inakosa stima ya kutosha. Ichomeke moja kwa moja kwenye laptopu, usiipitishe kwenye kigawanyaji cha USB. Nyingine huja na waya wa vichwa viwili kwa sababu hiyo hiyo.

Na kama tayari unayo ile laptopu nene, usiitupe. Mlango wake unaweza kutolewa, mahali pake pakawekwa fremu ya kubebea diski ya pili ya kuhifadhia. Mafundi wanaiita kadi. Unaweka SSD mahali pa diski ya zamani, na ile ya zamani inahamia kwenye nafasi ya CD. Pima kwanza kama nafasi ni ya milimita 9.5 au 12.7, maana ukikosea haitaingia. Mashine haitakuwa mpya, lakini utaona tofauti ikiwaka.

Zile diski za nyumbani

Hii ndiyo sehemu ambayo tungependa uifanyie kazi wikendi hii, kwa sababu laptopu unaweza kununua nyingine lakini DVD ya mazishi ya babu ni moja.

CD na DVD zilizochomwa kwa kompyuta si sawa na za kiwandani. Za kiwandani hupigwa chapa kwenye plastiki. Za kuchoma zina tabaka la rangi maalum linalobadilishwa na mwanga wa leza, na rangi hiyo huchakaa kwa joto, unyevu na jua. Fikiria diski iliyokaa miaka kumi na tano kwenye kabati chini ya mabati, Kisumu au Mombasa. Inaweza kuonekana safi kabisa na isisomeke.

Watu wengi hulinda upande unaong'aa na kuacha ule wa maandishi ukwaruzike. Kwenye CD ni kinyume: data iko juu kabisa, chini tu ya maandishi, kwa hivyo mkwaruzo wa juu ndio unaoua. DVD ina nafuu kidogo kwa sababu data imefungwa katikati ya plastiki mbili. Ukiifuta, tumia kitambaa laini na uende kutoka katikati kuelekea nje, si kwa kuzungusha. Dawa ya meno iache bafuni.

Kunakili si kazi ngumu. Fungua DVD kwenye kompyuta, utaona folda inayoitwa VIDEO_TS. Nakili folda yote jinsi ilivyo, usichague faili moja moja, kisha uipe jina linaloeleweka, mfano "Harusi ya Baba na Mama". Flashi ya gigabaiti 64 itabeba DVD kumi na tatu zilizojaa. Fungua nakala kwa VLC na utazame mwanzo, katikati na mwisho kabla ya kuamini. Halafu tengeneza nakala ya pili ikae kwingine, kwa dada yako au kwenye hifadhi ya mtandaoni, kwa sababu flashi nayo hupotea na hufa bila taarifa. Diski ikigoma, ijaribu kwenye draivu nyingine kabla ya kukata tamaa; kuna draivu zenye macho mazuri kuliko nyingine.

Kama hutaki kununua kifaa, saiba nyingi za mtaani bado zina kompyuta ya mezani yenye draivu na watakufanyia kwa malipo ya kila diski. Kubalianeni bei ya diski iliyosomeka, si ya diski iliyojaribiwa. Kaa hapo hapo, usiache mfuko wa diski za familia hadi kesho.

Kuhusu kulipa: laptopu au draivu, iwashe kwanza, iingize diski uliyobeba kutoka nyumbani, ndipo ulipe. Lipa kwa nambari ya tili ya duka, na usome jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha malipo. Likiwa tofauti na la duka, uliza kabla ya kutuma. Muuzaji wa mtandaoni anayetaka "deposit kidogo ya kukushikia" kwa nambari ya kibinafsi, mwambie utalipa ukishaiona ikiwaka. Ujumbe wa malipo usiufute hadi muda wa warantii uishe, na kwenye risiti waandikie serial number ya mashine, ile iliyobandikwa chini ya laptopu, ili ukirudi nayo wasikuambie haikutoka kwao.